Tajiri na Viwanja Sitini

Paukwa! ... Nimesikia, nimesikia. Basi kaeni vizuri, leo tunakwenda Florida, Marekani. Tajiri wa hadithi hii nimemtunga mimi. Sheria nitakazowatajia ni za kweli.

Tajiri alinunua pori, akachonga barabara, akapima viwanja 100. Nyumba 40 akazijenga na kuziuza. Viwanja 60 vikabaki nyasi tupu. Mitaa ya namna hiyo huwa na chama cha wenye nyumba: ukinunua tu umeshakuwa mwanachama, upende usipende, na unatoa ada ya taa, geti, bustani na bwawa la kuogelea.

Tuseme bajeti ya mwaka ni dola 100,000, yaani dola 1,000 kwa kila kiwanja. Majirani wakatoa 40,000 zao. Na zile 60,000?

"Mnanidai mimi?" tajiri akashangaa. "Viwanja vyangu havina watu. Nyasi zinaogelea?"

Maneno anayo! Lakini geti lile na taa zile ndizo zinazomvuta mnunuzi wa kiwanja cha 41. Kwangu mimi, atoe. Hakimu, hata hivyo, ataomba kwanza hati ya masharti ya mtaa, ambayo tajiri mwenyewe aliisajili kaunti. Kama inasema kila kiwanja kinalipa, na sheria haikumwachia mlango mwingine, basi analipa kama jirani yeyote. Kule Colorado, mpaka chama kitakapoanza kutoza ada, gharama zote za pamoja ni zake.

Florida mlango upo. Wakati bado anakiongoza chama, anaweza kusamehewa ada ya viwanja vyake, mradi ameahidi ndani ya hati kwamba matumizi yakizidi mapato, atalipia yeye kilichopungua. Shikeni kalamu. Bwawa halijachimbwa, kwa hiyo mwaka umeisha kwa matumizi ya dola 70,000. Majirani wametoa 40,000. Tajiri anaongeza 30,000, nusu ya zile alizokuwa akidaiwa.

Na mwenye kauli kwenye bajeti ni nani? Ni yeye yule. Nyasi za bustani zikifika magotini, anayeamua mkata nyasi aitwe lini ndiye anayebakiza hela mkata nyasi akichelewa. Hapo mimi napatilia shaka, na majirani wengi vilevile.

Zamu yake ina mwisho. Viwanja 90 kati ya 100 vikishauzwa, miezi mitatu baadaye, kama si mapema zaidi, wenye nyumba wana haki ya kuchagua wajumbe walio wengi kwenye bodi. Tajiri anakabidhi vitabu vya fedha, na kwa vyama vilivyosajiliwa kuanzia 2008, vitabu hivyo lazima vikaguliwe na mhasibu asiye mtu wake. Miongoni mwa anayoyatafuta mhasibu huyo ni hili: je, tajiri alitozwa ada iliyompasa, na aliilipa?