Lainibeka Afundishwe Kuona Kabla ya Kugonga

Katika futiboli ya Marekani, lainibeka, mchezaji wa ulinzi, huonekana vizuri pale anapomvaa mbeba mpira na kumbwaga chini. Ni kishindo cha kupendeza kwenye televisheni, na pia ndicho kinachowapotosha makocha wengi wa vijana. Wakipewa kijana mwenye misuli na ukali wa kutosha, kazi ya kwanza wanayompa ni kugongana. Lakini kugonga ni tendo la mwisho. Mengi huwa yameshaamuliwa ndani ya sekunde ya kwanza, na uamuzi huo hufanywa na macho na miguu.

Lainibeka wa kati husimama kama yadi 4 au 5 nyuma ya mapande ya watu wanaosukumana mstari wa mbele. Kwa kawaida hufundishwa kumwangalia gadi, mzuiaji wa wapinzani aliye mbele yake, si kuufuata mpira. Gadi akichomoka chini chini kuja mbele, mpira unakimbizwa. Akiinuka na kurudi nyuma huku mikono ikiwa tayari, pasi inakuja. Akichepuka kwenda pembeni, mara nyingi anaonyesha njia utakakopita mpira. Kwotabeki, mrusha pasi wa wapinzani, anaweza kucheza danganya toto, akajifanya anamkabidhi mkimbiaji mpira, na timu nzima ikaingia mkenge. Gadi naye hufundishwa hila hiyo, ila uongo wake una mpaka: kanuni za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hazimruhusu kusogea zaidi ya yadi 1 mbele ya mstari kabla ya pasi kurushwa. Baada ya macho ni miguu. Hatua ya kwanza iwe fupi. Asiyefundishwa hurudisha mguu nyuma kutafuta msukumo, na akija kutulia, mzuiaji ameshamfikia kifuani. Anapomfukuza mkimbiaji abaki nyuma yake kidogo, upande wa ndani, mabega yakitazama mbele, ili mkimbiaji akikata kurudi ndani wakutane.

Hata mwili mdogo hauzuii kusoma mchezo hivyo. Lainibeka Sam Mills alikuwa na urefu wa takriban sentimita 175 tu. Cleveland Browns walimwacha mwaka 1981, akafundisha shule ya sekondari New Jersey, kisha akang'ara New Orleans Saints na Carolina Panthers hadi akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2022. Mwaka uliofuata akaingia Zach Thomas, mwingine aliyeonekana mfupi, ambaye Miami Dolphins walimchagua raundi ya 5 ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 1996. Kuna watakaosema hao ni wachache, na kwamba timu hulipia kasi. Ni kweli, na mwenye kasi na macho pamoja huwashinda wote. Luke Kuechly alichaguliwa wa 9 katika uteuzi wa mwaka 2012, naye alisifika kwa kutaja mchezo wa wapinzani kabla haujaanza. Lakini kasi bila kusoma mchezo humfikisha mtu mapema mahali pasipo na mpira. Tena kocha hawezi kuongeza kasi ya mchezaji kwa kiasi kikubwa, ilhali kusoma mchezo anaweza kumfundisha kuanzia mwanzo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuangusha hakujifunzwi bila kuangushana. Mwaka 2010, kocha Buddy Teevens wa Chuo cha Dartmouth alipiga marufuku wachezaji wake kuangushana mazoezini, wakatumia madoli ya mazoezi. Mwaka 2015 walitwaa ubingwa wa Ivy League kwa kugawana na wengine, na mwaka 2016 ligi hiyo ikaondoa kuangushana katika mazoezi ya msimu. Ubingwa una sababu nyingi, kwa hiyo sidai doli ndilo lililoleta kombe. Nasema tu kwamba timu haikuharibika. Seattle Seahawks nao walitoa video mwaka 2014 wakifundisha kuangusha kwa bega, kichwa kikiwa nje ya hatari, mbinu iliyotoka raga na ambayo mashabiki wa raga wa Nairobi wataitambua mara moja. Tangu 2018, NFL humwadhibu anayeinamisha kichwa na kugonga kwa helmeti.

Kwa hiyo kocha wa vijana aanze mazoezi na gadi na hatua ya kwanza, afuatie na bega kwenye doli. Kugongana kuje mwishoni, tena kuwe kwa nadra.