Fuko wa Chiwata siyo yule wa Marekani

Wadau, hii ni kwa nyie mnaotumwa na wazee wa kijijini: "hebu katutafutie dawa ya fuko huko kwenye intaneti." Mimi nilitumwa na mjomba. Shamba lake lipo Chiwata, wilaya ya Masasi, na muhogo ulikuwa unanyauka shina moja moja. Ukiuvuta unakuja mwepesi mkononi, chini kumeliwa kumebaki ganda. Na huo muhogo ndio wa kuvukia Januari mpaka Machi, ghala likiwa tupu na mahindi mapya bado.

Nikaenda kafe Masasi mjini, nikaandika jina la fuko kwa Kiingereza. Kurasa zikamiminika, zote za Marekani. Ushauri wao: ua minyoo na mabuu udongoni, fuko akikosa chakula atahama mwenyewe. Nikaprinti kurasa nne, najiamini kweli kweli! Mjomba akanunua dawa, ikamwagwa. Wiki ya pili muhogo unanyauka vilevile. Hela ya korosho hiyo jamani.

Kumbe jina ni moja, wanyama wawili. Fuko wa Marekani hata panya siyo, ana undugu na kirukanjia. Anakula minyoo na wadudu, na anachimba kwa viganja vya mbele vipana kama koleo. Yupo mmoja wa kwenye matope ana vinyama 22 kuzunguka pua, kama nyota, anapapasia chakula. Huyo muhogo hana habari nao.

Wetu huku kusini, ambaye wataalamu wanamwita Heliophobius na yupo pia Malawi na Msumbiji, ni wa jamii ya wanyama wagugunaji kama panya. Manyoya yana rangi ya fedha, vijicho vidogo mno. Anachimba kwa meno! Meno yake ya mbele yametokeza nje, na midomo inafunga nyuma yake, kwa hiyo anaguguna ardhi siku nzima bila kumeza udongo. Chakula chake ni mizizi na viazi vya porini. Shamba la muhogo kwake ni harusi.

Njia zake za kutafutia chakula zinapita usawa wa mizizi, makumi ya mita. Chumba cha kulala na ghala viko chini zaidi. Anachimba hasa udongo ukiwa umelowa, ndiyo maana baada ya mvua unaona vifusi vipya. Halafu anaishi peke yake: handaki moja, fuko mmoja. Hapa ndipo mjomba alipokuwa anajua kuliko karatasi zangu.

Alichukua jembe, akatafuta kifusi kibichi, akafukua mpaka kwenye njia na kuiacha wazi. Fuko hapendi tundu wazi, lazima arudi kuziba. Pale pale mjomba akatega kitanzi kwenye fito iliyopindwa. Siku tatu, fuko wawili. (Walikoishia, wale mnaotucheka watu wa kusini kwa samaki nchanga mnajua wenyewe.)

Ila msibweteke. Handaki tupu ni nyumba ya bure, fuko mwingine anaweza kuhamia. Mjomba kila mvua ikinyesha anapita shambani kuangalia vifusi vipya, na kitanzi kiko mfukoni.