Bukavu kwa Lenzi Ndefu: Kadutu Isibaki Nje ya Picha

Bukavu haina maghorofa ya kushindana na mawingu. Anayeutazama mji huu kutoka ziwani haoni majumba ya vioo kama yale ya Upper Hill, Nairobi, wala minara iliyojipanga kando ya bandari kama Dar es Salaam. Anachoona ni ardhi yenyewe: rasi tano zilizojichomeka katika Ziwa Kivu, nyumba zikipanda mteremko safu juu ya safu, mabati ya komuni ya Kadutu yaking'aa juu ya miti ya komuni ya Ibanda, na nyuma ya yote milima inayoelekea Kahuzi. Hapa kilima ndicho kinachochora mstari wa mji angani. Ndiyo maana ushauri uliozoeleka, kwamba picha ya mji hutaka lenzi pana, haufai kuchukuliwa kama ulivyo.

Nawaandikia hasa vijana wa Bunyakiri. Wapo wanaoshuka kwa barabara inayokatiza msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega hadi Miti, kisha Bukavu, wakiwa na kamera ya mtumba begani au simu mfukoni, wakitafuta riziki kwa picha za harusi, ubatizo na sherehe za diploma. Wakishafika, picha ya mji ni miongoni mwa zile za kwanza kutumwa nyumbani. Na mara nyingi picha hiyo humvunja moyo aliyeipiga: ziwa limejaa fremu nzima, mbingu imechukua nusu, na mji wenyewe umekuwa ukanda mwembamba katikati. Macho yaliona mlima mkubwa, kamera imeleta kichuguu.

Mlima unavyosinyaa

Kosa si la kamera. Kila lenzi ina urefu wa fokasi unaoandikwa kwa milimita, na namba hiyo ndiyo inayoamua ni sehemu gani ya dunia itakayoingia kwenye picha. Kwa kamera yenye sensa ya fremu kamili, yaani upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, lenzi ya milimita 24 humeza pembe ya nyuzi 74 hivi kutoka kushoto hadi kulia. Lenzi ya milimita 50 huona nyuzi 40, ile ya 85 huona 24, na lenzi ndefu ya 200 huona 10 tu.

Chukua mlima Kahuzi. Kilele chake kiko mita 3,308 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi. Mlima basi umelizidi ziwa kwa mita zipatazo 1,850. Kutoka sehemu za juu za Bukavu hadi huko ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Ukiupiga kwa lenzi ya milimita 24, kimo chote hicho kitachukua sehemu moja tu ya kumi na sita ya picha. Ukiupiga kwa milimita 200, kitachukua karibu nusu. Mlima ni uleule na siku ni ileile, ila picha ya kwanza inasema Bukavu ni mji wa tambarare, jambo ambalo si kweli.

Ipo hesabu ndogo ambayo kila mpiga picha wa mji anapaswa kuikariri. Zidisha umbali kwa 36, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi: utapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Rasi iliyo kilomita 1 mbele yako, kwa lenzi ya milimita 50, utapata mita 720 zake. Kwa milimita 200 utapata mita 180, zinazotosha kuonyesha kanisa na nyumba zinazolizunguka. Wenye kamera za sensa ndogo ya APS-C, ambazo ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu zaidi, watumie 24 badala ya 36. Ukiwa na hesabu hii kichwani, unaweza kukaa Bulambika, huko Bunyakiri, na ramani ya Bukavu kwenye simu, ukapima umbali, na ukajua kabla ya kupanda gari ni lenzi gani ya kuazima.

Simama kwanza, lenzi baadaye

Wengi husema lenzi ndefu huvuta vitu vya mbali vikasogeleana. Kinachofanya kazi hiyo hasa ni mahali uliposimama. Lenzi inakuwezesha tu kusimama mbali bila kupoteza ukubwa wa unachopiga.

Picha mashuhuri za twiga mbele ya majumba ya Nairobi hupigwa kwa siri hii. Twiga wa mita 5 akiwa mita 250 kutoka kwako huonekana sawa kwa kimo na jengo la UAP Old Mutual Tower, lenye mita 163, likiwa kilomita 8 nyuma yake. Mpiga picha aliye ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi akimkaribia twiga hadi mita 50, twiga huwa jitu na mji hufifia nyuma yake. Akirudi nyuma na kuweka lenzi ndefu, mnyama na mji huwa majirani, kama walivyo kweli katika jiji lile.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo Bukavu, maana hapa ina uzito zaidi ya urembo. Tuseme mbele yako kuna nyumba ya Ibanda kando ya ziwa, na kilomita 2 nyuma yake kuna nyumba ya Kadutu iliyoshikilia mteremko. Ukisimama mita 300 kutoka nyumba ya kwanza, ya pili itaonekana ndogo karibu mara nane, ikawa nukta tu ya mabati. Rudi nyuma, uvuke maji kwa mtumbwi au usimame kwenye rasi nyingine, hadi nyumba ya kwanza iwe kilomita 2. Ya pili sasa iko kilomita 4, na itaonekana nusu ya ile ya mbele. Madirisha yataonekana, kamba za nguo zitaonekana, na ngazi za udongo wanazopanda akina mama wenye madumu ya maji zitaonekana.

Mji huu ulianzishwa kama kituo cha wakoloni wa Kibelgiji mwaka 1901. Kuanzia 1927 hadi katikati ya miaka ya 1950 uliitwa Costermansville. Wazungu walijenga nyumba na bustani zao kwenye rasi na kando ya maji, Waafrika wakapangiwa Kadutu na Bagira. Kadi za posta za zama hizo zilipenda ziwa, maua na kuta nyeupe. Leo anayesimama karibu na maji akapiga kwa lenzi pana hurudia mpangilio ule bila kukusudia: nyumba za mbele zinakuwa kubwa, za nyuma zinayeyuka. Anayerudi mbali na kutumia milimita 135 au 200 anaziweka Ibanda na Kadutu kwenye ukurasa mmoja, kwa vipimo vinavyokaribiana. Mimi naamini hiyo ndiyo picha ya haki ya Bukavu, kwa sababu wakazi wake wengi hawaishi kwenye rasi.

Lenzi pana ina kazi yake. Ukiwa ndani ya mtaa, juu ya kibaraza cha Kadutu, huwezi kurudi nyuma bila kuanguka kwenye paa la jirani. Hapo milimita 24 au 28 ndiyo itakayounganisha mabati yaliyo miguuni pako na ziwa lililo chini. Shikilia kamera ikiwa sawa, maana ukiinamisha lenzi pana kuelekea bondeni, kuta zote zitaonekana zimelala. Na ukiwa Dar es Salaam, ukitazama mji kutoka kivuko cha Kigamboni, maji yaliyo kati yako na majengo ni mita mia chache tu, kwa hiyo milimita 35 au 50 inatosha.

Hewa, mabati na jua

Lenzi ndefu hupiga vilevile hewa iliyo kati yako na mji. Kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi kikiwa kimeshika, moshi wa mashamba na vumbi hugeuza milima kuwa kijivu, na lenzi ya milimita 200 huuzidisha ukungu huo. Msimu wa mvua, Septemba hadi Mei, ndio wakati wako. Saa ya kwanza baada ya mvua kubwa kukatika, hewa huwa imeoshwa, na hata miti ya ukingo wa mbali huhesabika. Epuka mchana wa jua kali, kwani joto linalopanda kutoka kwenye mapaa hufanya kuta zicheze kwenye picha, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoweza kuzuia hilo.

Mabati ni mtihani mwingine. Kichujio cha polaraiza hupunguza mng'ao wa maji, vioo na majani, lakini mng'ao wa bati tupu hakiuondoi. Dawa yake ni kusubiri jua lihame. Asubuhi jua hutokea upande wa Rwanda na kuimulika miteremko inayotazama mashariki. Jioni huzama nyuma ya milima ya magharibi, na mji hubaki umbo jeusi lenye kingo za dhahabu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hushuka wima na mwanga wa bluu hudumu kama dakika 20 tu. Lenzi iwe imeshafungwa kwenye kamera na stendi imesimama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Usiku una taa za aina mbili

Giza likiingia Bukavu, kuna taa za nyumba, pale ambapo delestaji, yaani mgao wa umeme, haijazikata, na kuna taa za wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza. Za kwanza zimetulia. Weka kamera kwenye stendi, tundu la lenzi f/8, shata iwe wazi sekunde 10 au 15, na lenzi ya bei ndogo itakupa picha kali. Za pili zinatembea: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu haikai mahali pamoja, na sekunde 10 zitaigeuza michirizi. Hapo ndipo lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 inapostahili bei yake, kwani hupokea mwanga karibu mara 10 kuliko zumu iliyofungukia f/5.6, na shata inaweza kuwa ya haraka.

Anunue nini mwenye kidogo?

Mwenye uwezo wa lenzi moja tu ya ziada asikimbilie lenzi pana. Kamera nyingi za mtumba huja na zumu ya milimita 18 hadi 55, na upana huo tayari unatosha. Aongeze zumu nyepesi ya 55 hadi 200 au 250. Akiweza baadaye, ifuate 50 ya f/1.8. Kabla ya kulipa, aikague kwa tochi kuona kama kuna kuvu ndani ya vioo, maana unyevunyevu wa kwetu haulisamehe begi lililofungwa muda mrefu. Mwenye simu ajue kwamba kamera kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 26. Aikuze mara 2 na asizidi hapo, na atafute mwinuko mzuri.

Ukikuta kibaraza chenye mandhari unayotaka, piga hodi, msalimie mama wa nyumba, eleza kazi yako, na umwonyeshe picha ukimaliza. Usielekeze lenzi ndefu kwenye daraja la Ruzizi, mpakani, wala kwa watu wenye silaha. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, lenzi kubwa huweza kumtia hofu askari aliye mbali, na hakuna picha inayostahili maisha yako.

Kisha weka kumbukumbu. Andika tarehe, mahali uliposimama na urefu wa fokasi, na urudi palepale mwaka unaofuata na lenzi ileile. Miteremko ya Bukavu inajaa nyumba, miti inakatwa, udongo unaporomoka mvua zikizidi. Picha mbili zilizopigwa mahali pamoja kwa kipimo kimoja zinaweza kumwonyesha mhandisi, diwani au mwalimu kilichobadilika, bila ubishi. Vijana wa Bunyakiri wamekulia kati ya milima na wanaijua lugha ya miteremko, na ninawaomba waianze kazi hiyo sasa.