Magazini ya Bunduki ya Hewa: Kutegemeka kwa Mtambo na Usahihi wa Shabaha

Kifaa chochote kinachorudia kazi moja mara nyingi hupimwa kwa maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: je, kifaa hicho kitafanya kazi kila mara kinapotakiwa? Hili ni swali la kutegemeka. Swali la pili ni hili: je, kila mara kitafanya kazi hiyo kwa namna ile ile? Hili ni swali la usahihi. Mara nyingi watu huyachanganya maswali haya, na kudhani kwamba mtambo usiokwama ni mtambo sahihi. Katika makala haya tutayatenganisha kwa kutumia mfano mmoja, nao ni bunduki ya hewa yenye magazini. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu fizikia inayohusika ni ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari, na hesabu zake zinaweza kufanywa ubaoni.

Bunduki ya hewa na kirisasi chake

Bunduki ya kawaida husukuma risasi kwa gesi inayotokana na kuungua kwa baruti. Bunduki ya hewa haina baruti. Nguvu yake hutoka katika hewa iliyoshindiliwa. Katika aina moja, springi nzito husukuma pistoni ndani ya silinda, na pistoni hiyo huishindilia hewa papo hapo wakati wa kufyatua. Katika aina nyingine, hewa hushindiliwa mapema ndani ya chupa ya chuma kwa kanieneo ya megapaskali 20 hivi, yaani karibu mara 200 ya kanieneo ya angahewa, na kila bunduki inapofyatuliwa vali huachia kiasi kidogo tu cha hewa hiyo.

Kinachorushwa ni kipande kidogo cha madini ya risasi, ambacho hapa tutakiita kirisasi ili tusikichanganye na madini yenyewe. Virisasi vingi vina kipenyo cha milimeta 4.5 au 5.5. Umbo lake ni la pekee: kichwa kizito mbele, kiuno chembamba katikati, na nyuma sketi yenye uwazi ndani. Umbo hili lina kazi mbili. Kwanza, hewa inapoingia katika sketi huitanua kidogo, nayo hubana kuta za mtutu ili hewa isivuje. Pili, kwa kuwa kichwa ni kizito na sketi ni nyepesi, kirisasi hukaa sawa hewani kama mshale wenye manyoya nyuma. Zaidi ya hayo, ndani ya mtutu mna michirizi iliyopinda ambayo hukizungusha kirisasi na hivyo kukiongezea uthabiti.

Tuchukue kirisasi chenye tungamo ya gramu 0.5 kinachotoka mtutuni kwa mwendokasi wa meta 170 kwa sekunde. Nishati kinetiki yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi, yaani:

½ × 0.0005 × 170 × 170 = jouli 7.2 hivi.

Hii ni sawa na nishati ya kitu cha kilo moja kilichoanguka kutoka urefu wa sentimeta 74. Lakini hapa nishati yote imekusanyika katika eneo lisilozidi milimeta za mraba 16. Ndiyo maana kirisasi kinaweza kupofusha jicho, na ndiyo maana nchi nyingi zimeweka mipaka ya kisheria. Ujerumani, kwa mfano, mpaka wa bunduki za hewa zinazouzwa kwa watu wazima bila kibali maalumu ni jouli 7.5.

Historia fupi ya magazini

Wazo la kuipa bunduki ya hewa akiba ya risasi si jipya. Mnamo mwaka 1780 hivi, jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na fundi Bartolomeo Girardoni. Tako la bunduki hiyo lilikuwa ndilo chupa ya hewa, na kando ya mtutu palikuwa na bomba lililochukua risasi 20 hivi za mviringo. Askari aliinua mdomo wa bunduki juu, risasi zikateremka kwa uzito wake, naye akasukuma kipande cha chuma kilichochukua risasi moja na kuileta nyuma ya mtutu. Katika zama ambazo bunduki ya baruti ilishindiliwa risasi moja moja kupitia mdomoni, hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo chupa ilihitaji kujazwa kwa pampu ya mkono, kazi iliyochukua mipigo mingi mno, na vali zake zilihitaji mafundi stadi. Mapema katika karne ya 19 jeshi liliiacha.

Msomaji atambue kwamba risasi za Girardoni zilikuwa za mviringo. Duara kamili halina mbele wala nyuma. Literemke vyovyote, litaingia mtutuni vile vile. Kirisasi cha leo kina kichwa na sketi, na tena ni laini. Kikigeuka, hukwama, kikigongwa, huharibika umbo. Kwa sababu hii bomba la kuteremshia halikifai, na wahandisi wakalazimika kutafuta njia nyingine.

Gurudumu lenye matundu

Njia inayotumika zaidi ni gurudumu dogo lenye matundu, mara nyingi kati ya 8 na 14. Kila tundu huchukua kirisasi kimoja kikiwa kimeelekea mbele. Mlengaji anapovuta wenzo nyuma, kisukumizi chembamba hutoka katika tundu lililo wazi. Springi au kijino huzungusha gurudumu hatua moja. Tundu lenye kirisasi huja mbele ya mtutu. Anapousukuma wenzo mbele, kisukumizi hupita ndani ya tundu na kukiingiza kirisasi mtutuni. Mkulima aliyewahi kuona mashine ya kupandia mahindi yenye sahani ya matundu ataitambua kanuni hii mara moja: kila tundu punje moja, kila hatua tundu moja.

Mtambo huu unaweza kushindwa kwa njia kadhaa. Kirisasi kirefu kuliko unene wa gurudumu hutokeza nje na kulizuia lisizunguke. Vumbi au vipande vya madini hulifanya lisimame kabla ya kufika mahali pake. Springi iliyochoka hulizungusha nusu hatua. Na iwapo mtambo hauna kizuizi, mlengaji akivuta na kusukuma wenzo mara mbili bila kufyatua, virisasi viwili huingia mtutuni pamoja.

Hesabu ya kutegemeka ni rahisi lakini mara nyingi husahauliwa. Tuseme uwezekano wa kirisasi kimoja kuingia bila tatizo ni 0.99. Wengi wataona kwamba huo ni mtambo mzuri sana. Lakini uwezekano wa gurudumu zima la virisasi 10 kumalizika bila tatizo ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani 0.904. Maana yake ni kwamba karibu gurudumu moja katika kila 10 litaleta taabu. Ili gurudumu 99 katika 100 zimalizike salama, kila hatua lazima iwe na uwezekano wa 0.999. Kanuni hii haihusu bunduki tu; inahusu pampu, taipureta, na kila mtambo wenye hatua nyingi zinazofuatana.

Jinsi magazini inavyoharibu shabaha

Tuje sasa kwenye swali la pili. Tuseme gurudumu halikukwama hata mara moja. Je, shabaha itakuwa sahihi? Si lazima.

Ili kirisasi kiingie mtutuni bila kuguswa, katikati ya tundu na katikati ya mtutu lazima vilingane. Vikipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimeta, ukingo wa mtutu huweza kukwangua upande mmoja wa kirisasi, au kuikunja sketi. Kirisasi kitaingia, na mlengaji hatahisi kitu. Lakini sasa upande mmoja ni mwepesi kuliko mwingine, na kitovu cha uzito kimehama kutoka katikati.

Ndani ya mtutu kirisasi hulazimishwa kuzunguka kwenye mhimili wa mtutu, kwa hiyo kitovu chake cha uzito kilichohama huchora duara dogo. Mara kinapotoka mdomoni, hakuna tena ukuta wa kukizuia, na kitovu hicho huondoka kwa mstari mnyofu unaogusa duara lile, kama jiwe linavyoondoka kwenye kombeo. Kirisasi hupata mwendo mdogo wa pembeni. Kiasi cha kukengeuka hupatikana kwa kanuni hii:

mkengeuko = 2π × umbali wa kitovu kutoka katikati × umbali wa shabaha ÷ urefu wa mzunguko mmoja wa michirizi.

Tuchukue mtutu ambao michirizi yake hukamilisha mzunguko mmoja katika milimeta 450, na kitovu kilichohama kwa milimeta 0.02 tu. Katika umbali wa meta 10 mkengeuko ni milimeta 2.8, katika meta 25 ni milimeta 7. Upande ambao kirisasi hukengeukia hutegemea mahali palipokwanguliwa. Ikiwa kila tundu la gurudumu lina kasoro yake, kila kirisasi kitakwenda upande wake.

Kuna kasoro nyingine, nayo ni ya mwendokasi. Sketi iliyokunjwa huvujisha hewa. Tuseme mwendokasi umeshuka kutoka meta 170 hadi 165 kwa sekunde. Tukiacha ukinzani wa hewa, muda wa kufika meta 25 huongezeka kutoka sekunde 0.147 hadi 0.152, na kwa kanuni ya ½gt² mwanafunzi atapata kwamba kirisasi huanguka milimeta 6 au 7 zaidi. Katika meta 10 tofauti hiyo ni milimeta moja tu.

Sasa tulinganishe na matakwa ya mashindano. Mchezo wa bunduki ya hewa ya meta 10 uliingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Katika shabaha yake, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimeta 0.5. Haishangazi basi kwamba sheria za mchezo huo zinadai bunduki ya risasi moja moja: mlengaji hukiweka kila kirisasi mtutuni kwa mkono wake. Hapo hakuna haja ya haraka, na usahihi umepewa nafasi ya kwanza. Magazini ina faida kwa mwenye glavu siku ya baridi, au kwa anayehitaji risasi ya pili upesi. Ni suala la kuchagua, na kila chaguo lina gharama yake.

Je, mlengaji ataiona tofauti?

Mtawanyiko wa matundu kwenye shabaha hutokana na vyanzo vingi: mkono wa mlengaji, upepo, kirisasi, magazini. Vyanzo visivyotegemeana havijumlishwi moja kwa moja. Hujumlishwa kwa miraba yake, kama pande za pembetatu mraba katika kanuni ya Pythagoras. Tuseme mtawanyiko wa mlengaji anayeanza ni milimeta 6, na wa bunduki ni milimeta 2. Jumla ni kipeo cha pili cha 36 + 4, yaani milimeta 6.3. Magazini mbovu ikiufanya mtawanyiko wa bunduki kuwa milimeta 4, jumla huwa 7.2. Ni tofauti ndogo. Lakini kwa mlengaji stadi mwenye mtawanyiko wa milimeta 2, jumla hupanda kutoka 2.8 hadi 4.5. Kasoro ile ile ambayo mwanafunzi haioni humharibia bingwa kazi yake.

Kwa hiyo anayetaka kuipima magazini hana budi kufuata utaratibu wa kisayansi. Bunduki iwekwe juu ya mfuko wa mchanga ili kupunguza kosa la mkono. Matundu ya gurudumu yapewe namba, na kila alama kwenye shabaha iandikiwe namba ya tundu lake. Kisha idadi iyo hiyo ya virisasi irushwe kwa kuingizwa mkononi. Ikiwa tundu la 4 hupeleka virisasi vyake kushoto kila mara, kosa limepatikana. Ikiwa mtawanyiko ni sawa kwa njia zote mbili, magazini haina lawama. Risasi tano hazitoshi kutoa hukumu. Bahati huweza kudanganya kwa idadi ndogo kama hiyo.

Tahadhari

Magazini ina hatari moja isiyoonekana. Kuitoa katika bunduki hakuiondoi risasi iliyokwisha kuingia mtutuni. Ajali hutokea kwa mtu anayesema, "haina kitu," kwa kuwa ameshika gurudumu tupu mkononi. Mdomo wa bunduki usielekezwe kwa mtu wakati wowote, macho yakingwe, na sheria za silaha za nchi zifuatwe. Tena, madini ya risasi ni sumu: anayeshika virisasi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mazoezi ya darasani

Mazoezi haya hayahitaji bunduki.

1. Chukua bomba la plastiki na gololi zinazopita ndani yake kwa urahisi. Ziteremshe 50, uhesabu ngapi zimekwama. Rudia kwa kutumia punje za mahindi katika bomba jembamba zaidi. Eleza tofauti kwa kutaja umbo.

2. Mtambo una hatua 12, na kila hatua ina uwezekano wa kufaulu wa 0.98. Tafuta uwezekano wa hatua zote kufaulu.

3. Kitovu cha uzito cha kirisasi kimehama kwa milimeta 0.01, na michirizi hukamilisha mzunguko mmoja katika milimeta 400. Tafuta mkengeuko katika umbali wa meta 20. Je, kuongeza mwendokasi kutaupunguza? Toa sababu.