Kompyuta Ilivyofichua Siri ya Damu ya Selimundu

(Wimbo wa kipindi, kisha upungue)

Kama una jirani au jamaa mwenye mtoto wa selimundu, mwite aje asikilize nasi. Maneno ya leo yanamhusu.

Kuna mama mmoja aliyekuja kliniki ninakohudumu akiwa amembeba mgongoni kijana wake wa miaka saba. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano, naye alikuwa akilia kwa maumivu ya miguu. Nilipofungua kitabu chake cha kliniki, niliona kwamba hakuwa amechukua dawa kwa miezi miwili. Nikamwuliza, "Mama, kulikoni?"

Akanijibu bila kuficha, "Sista, nilisikia kwamba wazungu wametumia kompyuta wakapata dawa ya kumaliza ugonjwa huu. Nikaona hizi tembe za kila siku hazina kazi tena. Babake anatafuta mtu wa kununua shamba, ili tukanunue hiyo dawa."

Sikumkemea. Habari aliyoisikia haikuwa uongo, ila ilikuwa nusu ya habari. Leo nataka kukupa ile nusu nyingine: kompyuta inatafutaje chanzo cha ugonjwa, ilipata nini kuhusu selimundu, na kwa nini tembe za mtoto hazifai kuachwa hata siku moja.

Herufi moja iliyobadilika

Tuanze na mwili wenyewe. Karibu kila chembe ya mwili wako hubeba maagizo ya namna ya kukujenga. Maagizo hayo huitwa DNA. Yafikirie kama kitabu kirefu kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kitabu cha binadamu kina herufi kama bilioni 3. Fungu la kitabu hicho linaloeleza namna ya kutengeneza kitu fulani, kwa mfano rangi nyekundu ya damu, ndilo linaitwa jeni.

Rangi hiyo nyekundu ni himoglobini, nayo ndiyo hubeba hewa ya oksijeni. Katika selimundu, herufi moja tu ya jeni ya himoglobini imebadilika. Palipokuwa na A sasa pana T. Kwa sababu hiyo, himoglobini ikikosa oksijeni hushikana na kujipanga kama nyuzi, na chembe nyekundu ya mviringo hupindika ikawa kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe hizo huziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Mwaka wa 1910 Daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu chembe zilizopindika. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro iko katika himoglobini. Mwaka wa 1956 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti ni kipande kimoja tu cha himoglobini hiyo. Naye Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba mtu aliyerithi jeni hii kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana tunaiona sana kando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani, kwenye mbu wengi. Si laana, wala mama hana kosa.

Kitendawili cha watoto wawili

Hata baada ya jeni ya ugonjwa kujulikana, swali moja lilibaki. Kwa nini watoto wawili wenye herufi ile ile iliyobadilika hawaugui sawa? Mmoja hulazwa kila mwezi, na mwenzake humaliza muhula mzima bila kukosa shule.

Mama aliyelea mtoto wa selimundu ameona dalili ya jibu bila kujua. Mtoto huzaliwa akiwa mzuri, ananyonya na kuongezeka kilo. Kisha anapokaribia au kupita miezi sita, vidole vya mikono na miguu vinavimba. Watu husema amerogwa. Ukweli ni kwamba mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine. Tuiite himoglobini ya kichanga. Hiyo haina kasoro, na tena huzuia ile mbovu isishikane. Mwaka wa 1948 Daktari Janet Watson wa New York aliona kwamba vichanga wana chembe chache zilizopindika, akasema huenda himoglobini hiyo ndiyo inawakinga.

Baada ya kuzaliwa, mwili huizima himoglobini ya kichanga na kuwasha ile ya ukubwani. Lakini kwa watu wengine haizimwi kabisa. Hao ndio huugua kwa nafuu. Basi swali likawa: ni jeni gani inayoizima? Tukiipata, tutajua mahali pa kuelekeza dawa.

Kompyuta inafanya kazi gani?

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Usidhani kompyuta inakaa ikifikiri kama daktari. Kazi yake ni kulinganisha, na inalinganisha vitu vingi kuliko binadamu anavyoweza katika maisha yake yote.

Watafiti huchukua damu kidogo kwa maelfu ya watu waliokubali. Hupima kila mtu ana himoglobini ya kichanga kiasi gani. Kisha husoma DNA yake mahali laki kadhaa ambapo watu hutofautiana herufi. Kompyuta huenda mahali pa kwanza na kuuliza: wenye herufi hii wana himoglobini ya kichanga nyingi kuliko wenye ile? Ikimaliza, huenda mahali pa pili, pa tatu, mpaka mwisho.

Lakini msikilizaji, hapo pana mitego miwili. Mtego wa kwanza ni bahati tu. Tuseme unakubali jibu lolote ambalo bahati ingelileta mara 1 kati ya 20. Ukiuliza swali moja, hatari ni ndogo. Ukiuliza maswali 500,000, bahati peke yake itakuletea majibu 25,000 ya uongo! Kwa hivyo wataalamu waliweka kipimo kikali sana: jibu hukubaliwa tu ikiwa bahati ingelileta mara 1 kati ya milioni 20. Hata hivyo, ni lazima lijaribiwe tena kwa kundi lingine la watu.

Mtego wa pili ni ukoo. Ukilinganisha wanaokula omena kila siku na wasioijua omena, kompyuta itakuambia imepata jeni ya kupenda omena. Kumbe imewapata tu watu wa kando ya ziwa, ambao wanafanana kwa nasaba! Kwa hivyo programu huandikwa ili izingatie ukoo wa watu kwanza, kabla ya kutoa jibu.

Kilichopatikana

Mwaka wa 2007 watafiti wa London walipata jibu lililopita kipimo hicho. Mwaka wa 2008 wengine walichunguza zaidi ya watu 4,000 wa kisiwa cha Sardinia, nchini Italia, na kompyuta yao ikaonyesha mahali pale pale: jeni iitwayo BCL11A. Jeni hiyo ilijulikana kwa habari za chembe nyeupe na saratani ya damu. Hakuna aliyeishuku kwamba inazima himoglobini ya kichanga. Ilipoangaliwa kwa wagonjwa wa selimundu, ikaonekana pia kwamba wenye herufi fulani katika jeni hiyo walikuwa na himoglobini ya kichanga nyingi zaidi.

Jambo moja lilinishangaza niliposoma. Wengi wa watu waliochunguzwa mwanzoni hawakuwa na selimundu. Siri ya ugonjwa wa watoto wetu ilipatikana katika damu ya watu wazima wenye afya huko Ulaya.

Hata hivyo, kompyuta huonyesha mahali pa kuchimba; haichimbi. Mwaka huo wa 2008, huko Boston, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walipunguza nguvu ya BCL11A katika chembe za binadamu kwenye maabara. Himoglobini ya kichanga ikapanda. Mwaka wa 2011 wakaizima katika damu ya panya wenye selimundu, na panya wakapata nafuu.

Je, basi tuizime tu mwili mzima? La. Jeni hiyo hiyo hufanya kazi katika ubongo na katika chembe nyeupe. Ukiizima kila mahali utaponya damu na kuharibu kichwa. Mwaka wa 2013 Daniel Bauer na wenzake waliangalia tena zile herufi zilizoonyeshwa na kompyuta. Wakagundua kwamba ziko kwenye kipande kidogo kinachofanya kazi kama swichi, nayo huwasha jeni ya BCL11A katika chembe zinazozaa damu nyekundu. Ukikata swichi hiyo, damu inarudi kwenye himoglobini ya kichanga, na ubongo hauguswi. Hapo ndipo shabaha ya dawa ilipopatikana.

Dawa aliyoisikia yule mama

Matibabu yaliyotokana na ugunduzi huo yanaitwa Casgevy. Yaliidhinishwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023, na Marekani mwezi wa Desemba 2023, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Katika utafiti uliowasilishwa Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni habari njema sana.

Lakini sikiliza namna yanavyotolewa. Mgonjwa hutolewa chembe zinazozaa damu, nazo hupelekwa maabara zikakatwe ile swichi. Kisha hupewa dawa kali kama za saratani ili kusafisha uboho wa mifupa, ndipo arudishiwe chembe zake. Hukaa hospitalini kwa majuma kadhaa, na dawa hizo zinaweza kumfanya asipate watoto baadaye. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hivyo usiuze shamba. Bei ya shamba haifiki huko. Na mtu akikuambia ana dawa hiyo dukani au kwenye chupa, anakuibia.

Kilicho karibu nawe

Nilipomweleza yule mama haya yote, alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo hakuna letu." Nikamwambia, "Lipo, mama." Naye msikilizaji, usikate tamaa.

Kuna tembe iitwayo haidroksiyurea. Ilitumika miaka mingi kabla ya BCL11A kujulikana, na moja ya kazi zake ni kuongeza ile ile himoglobini ya kichanga. Watoto wa Kilifi hapa Kenya, wa Mbale Uganda, wa Kinshasa na wa Luanda walishiriki katika utafiti wake. Matokeo yalitangazwa mwezi wa Desemba 2018: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezwa damu ikapungua, na vifo vikapungua. Dawa hii hutolewa na daktari tu, na damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara. Mwulize daktari wa kliniki yako kama inamfaa mtoto wako. Mama mjamzito asiitumie.

Yule kijana alilazwa, akaongezwa maji na dawa ya maumivu, na siku ya nne akarudi nyumbani akitembea. Tembe zake sasa zinakaa kwenye kikombe mezani, ili babake naye azione kila asubuhi.

Mambo ya kukumbuka

1. Mpime mtoto mapema. Huhitaji kusomewa DNA yote. Kipimo cha himoglobini kinatosha.

2. Mpe asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria, na penisilini kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kama kliniki ilivyokuagiza. Usiache hata akiwa mzima. Alale ndani ya neti, anywe maji mengi, na amalize chanjo zote.

3. Kimbilia hospitali akiwa na homa, akipumua kwa shida, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili ukilegea.

4. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba jeni hii, katika kila mimba mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa na ugonjwa. Pimeni kabla ya kuoana.

5. Ukiombwa damu ya utafiti, uliza itatumika wapi na kwa kazi gani. Una haki ya kukubali na haki ya kukataa. Lakini kumbuka kwamba kompyuta hulinganisha tu damu iliyopewa. Damu yetu isipokuwamo, siri iliyo ndani yake itabaki imefichwa.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

Katika kijiji chetu, mtoto akivimba vidole watu husema nini? Ni nani kati yetu aliyeacha dawa kwa sababu ya habari aliyosikia? Tunaweza kumsaidiaje arudi kliniki?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi. Kwaheri.

(Wimbo wa kipindi)