Machalii wa mlimani: fulana ya pamba ikiloa inaweza kukumaliza

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi tunakichukulia poa: nguo ya ndani unayopandia mlima. Najua kuna mtu hapo kafe ameshaanza kucheka. Acheke amalize, halafu asome, maana msimu ukianza machalii kibao wa huku Elerai, Sakina, Ngaramtoni mpaka Usa River wanapanda kama wapagazi, au wagumu kama wenyewe wanavyojiita. Wengine ndiyo mara ya kwanza. Wanavaa kilichokuwepo nyumbani: singlendi ya pamba, tisheti ya kampeni ya uchaguzi na jinzi. Mvua ikiwakuta juu, hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kwanza tupige hesabu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Meru ni mita 4,566. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo ukiacha nyuzi 15 hapa Elerai usiku, kule juu unakuta kama nyuzi 4 chini ya sifuri, na upepo bado hatujauhesabu. Uhuru kule Kilimanjaro, mita 5,895, ni zaidi ya hapo.

Sasa sikilizeni, tatizo siyo baridi peke yake. Tatizo ni baridi na maji kwa pamoja. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Na maji siyo lazima yatoke mawinguni. Umebeba mzigo wa kilo 20, unapandisha kutoka geti la Momella kwenda Miriakamba, unatoka jasho kama uko kwenye tanuru. Ukifika, unasimama, unaanza kupozwa na jasho lako mwenyewe.

Hapo ndipo nguo inayogusa ngozi inapoamua usiku wako utakuwaje. Tuziangalie moja moja.

PAMBA. Hapa mjini ni safi sana, inapoza. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo mbaya mlimani. Uzi wa pamba unakunywa maji na kukaa nayo. Ikiloa inakuwa nzito, inagandamana na mwili, haikauki, na mlimani jua lenyewe la kubahatisha. Jinzi nayo ni pamba, usidanganyike na uzito wake.

POLIESTA na nailoni. Uzi wa poliesta haunywi maji karibu kabisa, haufikishi hata asilimia 1 ya uzito wake. Jasho linapita katikati ya nyuzi, linatoka nje na kukauka. Habari njema ni kwamba jezi nyingi za mpira ni poliesta. Ile jezi yako ya Simba au Yanga inakufaa mlimani kuliko tisheti nzuri ya pamba. Ubaya wake: inanuka baada ya siku mbili, na ikikaribia jiko inayeyuka na kukuganda kwenye ngozi. Wapishi muwe makini.

SUFU. Sufu ya kondoo inaweza kumeza mvuke mpaka kama asilimia 30 ya uzito wake na bado ukaihisi ina joto. Tena hainuki haraka. Ile laini ya kondoo wa merino haiwashi, ila ikiwa mpya bei yake siyo ya kwetu. Ukiikuta mtumbani usiiache.

Na hili siyo jambo la juzi. Waingereza waliopanda Everest mwaka 1953, ile safari iliyowafikisha Edmund Hillary na Tenzing Norgay kileleni, walivaa ndani singlendi za wavu. Ndiyo, zile zile za matundu tunazowacheka wazee nazo! Matundu yanashika hewa karibu na ngozi, na hewa iliyotulia inatunza joto.

JINSI YA KUCHAGUA SOKONI

1. Soma lebo kwanza. Ikiandikwa cotton, hiyo ni pamba, iache. Polyester, nylon, polypropylene, wool au merino, chukua.

2. Lebo imekatwa? Mwombe muuzaji uvute uzi mmoja kwenye pindo, uuchome. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba. Ukinuka kama nywele, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni poliesta au nailoni.

3. Ikushike mwili bila kukubana. Ikipwaya haigusi jasho, kwa hiyo hailitoi.

4. Chini vaa skintaiti au taiti ya mazoezi, na boksa ya kitambaa cha michezo. Boksa ya pamba ikiloa inakuchubua mapaja, na siku ya pili unatembea kama bata. Dada zangu, sidiria nayo ni hivyo hivyo, tafuteni ya michezo isiyo ya pamba.

5. Nguo za ndani zenyewe, yaani chupi, boksa na sidiria, nunua mpya. TBS walishapiga marufuku za mitumba kwa sababu za kiafya. Jezi, taiti na sweta za mtumba hazina neno, zifue tu kwanza.

Uwe na seti mbili. Moja ya kutembelea, moja ya kulalia ambayo HAIGUSI mvua hata iweje. Zamani tulifunga kwenye rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuta begi lisilopitisha maji au kipande cha turubai jepesi. Asubuhi vaa ile yenye unyevu utembee nayo, kavu irudi kwenye begi. Inauma dakika kumi, halafu mwili unachemka. Ukiivaa kavu ukaloa nayo, usiku huna pa kukimbilia.

Juu ya hiyo ya ndani ongeza sweta la flisi, halafu koti la mvua. Ukianza kupanda vua sweta kabla hujatoka jasho.

Mkiona mwenzenu anatetemeka sana, anajikwaa, anaongea kama mlevi au hajali kitu tena, msimtanie. Joto la mwili la kawaida ni nyuzi 37, likishuka chini ya 35 ni hatari. Akiacha kutetemeka wakati bado yuko baridi, ndiyo mbaya zaidi. Mvue nguo zote zilizoloa, mvishe kavu, muingizeni kwenye begi la kulalia, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza, mwambieni gaidi, mshukeni. Konyagi hapana! Inakudanganya una joto huku ikilitoa nje.

Kwa ambao hawana kabisa, pale Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Ulizia kabla ya safari, usisubiri mpaka uko getini.

Mwisho wa siku mgeni analipia mlima kwa dola na anakuja na nguo zake zote. Wewe unaenda kutafuta ada ya mdogo wako. Jezi ya mtumba ni pesa ya chipsi mayai tu, isikugharimu maisha.

Wagumu mliokwishapanda, mwageni uzoefu wenu hapo chini: mlivaa nini, na kilisaidia? Naomba kuwasilisha.