Maji Kwanza, Kitambaa Mwisho

Dar es Salaam, gari la zamani huanza kuoza chini ya zulia. Kwa nje rangi bado inang'aa na injini inawaka vizuri, lakini ingiza mkono pale miguu ya dereva inapokaa, utatoka na maganda ya kutu na harufu ya kuvu. Sisi tuko pwani. Hewa yetu ina chumvi, masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, vuli hurudi Oktoba, na kati ya mvua moja na nyingine jua hupenya vioo na kuchoma viti mpaka reksini inakakamaa na kupasuka. Wengi huuona ule mpasuko juu ya siti, wakamwita fundi aivalishe kava jipya, basi. Maji yanabaki chini yanaendelea na kazi yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na vitambaa vya makochi Kariakoo, katika nyumba ya urithi Mtaa wa Likoma, na ubavuni mwa nyumba hiyo, chini ya bati, lipo gari alilotuachia baba: Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, ile ya mgongo wa mviringo, injini nyuma. Ndani nimelitengeneza kwa mikono yangu, na karibu kila kitu nilichotumia nimekifuata kwa miguu. Naandika haya kwa sababu magari ya umri huo bado yapo, yamelala nyuani kwa watu Ilala, Magomeni na Temeke: Pijo, Datsun, Land Rover. Wenyewe wanaambiwa na madalali kwamba hayafai tena, yauzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Si kweli.

Baba alikuwa karani wa bandarini, na gari hili alilipenda kwa sifa za aina yake katika mashindano ya magari ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya matope ya masika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda 1957, na tena 1962 ikiwa mikononi mwa Tommy Fjastad. Duniani Volkswagen za mgongo huu zilitengenezwa zaidi ya milioni 21. Ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003. Kwa gari lililosambaa kiasi hicho, vipuri vingi bado vinapatikana. Kinachopotea ni mambo ya ndani, kwa sababu hayo hakuna anayeyahesabu kuwa ni vipuri.

Katika ile miaka ya uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana, baba alikuwa akifungua milango yote miwili, anatoa mazulia na kuyaanika kwenye kamba pamoja na nguo zetu, kisha anafuta viti kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Viti vile vilidumu. Vilianza kuharibika baba alipougua, gari likafunikwa turubai la nailoni lisilopitisha hewa. Mvuke wa ardhini ukapanda, ukakosa pa kutokea. Ukinisikiliza jambo moja tu katika makala hii, liwe hilo: gari lililolala lifunikwe kwa kitambaa cha pamba au lisifunikwe kabisa, na vioo viachwe wazi upana wa kidole.

Uzuri wa kazi ya ndani ni kwamba haihitaji gereji. Mlango unafunguka vipande, kiti kinabebwa na mtu mmoja, dari inakunjwa na kuwekwa juu ya kabati. Gari lenyewe linabaki pale lilipo, wewe unafanya kazi barazani. Kabla hujalegeza skrubu ya kwanza, piga picha kwa simu kila pembe. Kila skrubu iingie kwenye mfuko wake, na mfuko uandikwe umetoka wapi.

Anza na sakafu. Toa viti, toa zulia, na chini yake utakuta mabamba meusi ya lami yaliyowekwa kiwandani kuzuia kelele. Yaliyoshika vizuri yaache. Yaliyoinuka yabandue, maana maji yamejificha humo. Kisha shika bisibisi butu ubonyeze chuma taratibu, hatua kwa hatua, hasa kwenye kingo na chini ya kiti cha nyuma. Chuma kizima hugonga. Chuma kilichooza hunyamaza, na bisibisi huzama.

Chini ya kiti cha nyuma cha Volkswagen hizi ndipo betri inapokaa, na tindikali yake hula sakafu miaka na miaka bila mtu kuona. Pale usikimbilie rangi. Changanya magadi soda na maji, paka, subiri povu liishe, suuza, rudia mpaka lisitoke povu tena, halafu uache pakauke kabisa. Ndipo uje na brashi ya waya, dawa ya kutu na rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Katika eneo la Gerezani wapo wachomeleaji wanaoiweza kazi hiyo, na ni afadhali kumlipa aliyezoea bati jembamba kuliko kuunguza sakafu nzima.

Hapo hapo kwenye betri kuna hatari ambayo lazima niitaje. Gari la 1966 lilitoka na umeme wa volti 6. Wengi wamebadilisha kwenda volti 12, wakaweka betri yoyote iliyoingia. Betri ikiwa ndefu kupita kiasi, mtu mzito akikaa nyuma springi za kiti hushuka zikagusa vichwa vya betri, cheche zikaruka, na juu ya springi kuna gunia kavu. Magari yameungua hivyo. Pima nafasi iliyobaki, na funika betri kwa kipande cha mpira mnene kabla ya kurudisha kiti.

Sasa viti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mafundi wengi wa siti watakwambia utupe kila kitu kilichomo, ujaze sponji. Kijana mmoja aliniambia, "Mama, hii takataka ya nini? Weka sponji ya inchi nne, utakaa kama mfalme." Nilimshukuru, nikamwomba anisaidie kubeba tu. Kiti cha Volkswagen kimejengwa kwa tabaka. Chini ni fremu ya chuma, juu yake springi, juu ya springi gunia, juu ya gunia pedi ya nyuzi nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira, halafu pamba, halafu reksini. Zile nyuzi zinapitisha hewa. Sponji nene hunyonya jasho na unyevu, na katika joto letu huhifadhi vyote viwili, kisha baada ya miaka michache husagika ikawa unga.

Na nyuzi zile bibi zetu wanazijua. Ni usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ule ule uliokuwa ukijazwa kwenye magodoro pwani nzima. Pedi ya upande wa abiria ilikuwa nzima, nikaianika tu juani na kuipigapiga. Ya dereva ilikuwa imesagika katikati. Nilikata sehemu mbovu, nikapata usumba safi, nikauchambua kwa vidole, nikaupanga kwa tabaka huku nikipaka gundi ya mpira kidogo kidogo, nikaubana kwa ubao na mawe mpaka ukashikana. Gunia nalo halikunisumbua: gunia la jute lililobebea korosho, likafuliwa na kuanikwa, linafanana kabisa na lile la kiwandani. Usitumie gunia la plastiki. Hulia kila ukikaa, na springi hulikata upesi.

Springi iliyovunjika usiichomelee. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu wa chuma cha springi, nayo itavunjika tena kando ya pale pale. Tafuta nyingine kwenye kiti kibovu cha gari kama lako.

Kava la zamani, hata likiwa limechanika namna gani, ndilo lenye vipimo vyako. Usilivute. Kaa nalo, chukua wembe, ufumue uzi mmoja mmoja, na kila kipande ukiandike nyuma kwa chaki: kulia, kushoto, mbele, juu. Kilaze chini ya kitu kizito siku nzima kinyooke. Unapochora kipande kipya fuata alama ya mshono, usifuate ukingo, kwa sababu ukingo wa reksini ya miaka mingi umevutika na kupinda. Kisha ongeza posho ya mshono, sentimita moja, sawasawa pande zote.

Cherehani yangu ni Singer ya kukanyaga na inashona pazia zito bila taabu. Lakini pale vipande viwili vya reksini vinapokutana na ile kamba ya pembeni, zinakuwa tabaka nne, na sindano ya kawaida inavunjika. Sindano namba 18 inafaa, na uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba huoza kwa jasho. Reksini pia ina tabia ya kung'ang'ania chini ya mguu wa chuma wa cherehani, mishono ikawa midogo midogo na kutoboa kitambaa kama stempu. Weka karatasi laini juu ya mstari wa mshono, shona juu yake, kisha ichane uitoe. Kona zile ngumu nilizipeleka kwa mafundi wa mabegi, wenye cherehani ya ngozi. Mzee mmoja pale alipokea kazi, akageuza kipande, akasoma mshono kwa kidole gumba, akasema, "Binti yangu, huyu aliyeshona kwanza alikuwa hana haraka." Akanishonea kona zote nami nimesimama.

Kuvalisha kava kunataka jua. Litandaze saa sita mchana mpaka reksini ilainike, ndipo ulivute juu ya kiti, mtu mmoja akikandamiza kwa goti, mwingine akinasa kingo kwenye meno ya fremu kwa koleo. Ukivalisha asubuhi ya baridi, litajikunja baadaye na hakuna pasi itakayolinyoosha.

Dari ni kazi ya uvumilivu kuliko zote. Kitambaa chake kinashikiliwa na fito za chuma zilizopinda, kila moja na urefu wake na matundu yake. Zifunge utepe na kuziandika namba kabla hazijatoka; zikichanganyika, dari haitakaa tena. Vioo vya mbele na nyuma lazima vitoke, maana kingo za kitambaa huishia chini ya raba za vioo. Kwa kurudisha kioo, raba ivalishwe kwanza kwenye kioo, ndani ya mfereji wake pitisha kamba kuzunguka pande zote, paka maji ya sabuni, mwenzako akandamize kutoka nje huku wewe ukivuta kamba kutoka ndani. Mdomo wa raba unaruka juu ya bati inchi baada ya inchi. Raba ikiwa imekauka na kupasuka, nunua mpya hata kama pesa ni ngumu, kwani maji yote yale ya sakafuni yalipitia hapo.

Milango ni rahisi zaidi. Ule ubao wa ndani ni hadibodi, na huvimba kwa sababu nailoni iliyowekwa nyuma yake imechanika. Maji ya mvua hupita kando ya kioo cha mlango siku zote, hivyo ndivyo gari lilivyobuniwa, nayo yanatakiwa kutokea kwenye matundu madogo chini ya mlango. Zibua matundu hayo kwa waya. Kata hadibodi mpya kwa kufuata ya zamani, Keko zinapatikana, zipake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, gundisha nailoni mpya, ndipo ufunge. Usukani uliopasuka unazibwa kwa gundi ya Araldite: panua ufa kidogo kwa msumeno wa chuma, jaza, acha ukauke, piga msasa mpaka kidole kisihisi kitu, paka rangi.

Kuhusu mazulia nina msimamo, na wapo watakaonipinga. Zulia nene lenye sponji chini yake halifai katika mji huu. Mbele niliweka mpira mtupu, kama lilivyotoka kiwandani, na nyuma zulia jembamba ambalo halikugundishwa, ili kila Jumapili liweze kutoka na kuanikwa.

Kama kwenu kuna gari la baba au la babu limelala, msingoje Machi. Fungueni milango, toeni zulia, bonyezeni sakafu kwa bisibisi. Ikikutana na chuma kigumu, gari hilo linatengenezeka, na karibu kila kinachohitajika kulitengeneza ndani kinauzwa kati ya Kariakoo, Gerezani na Keko.